Umeletewa papi na hujui uanzie wapi: mwongozo kwa walioko Malindi

Maswali ni yale yale. Mbona alia usiku kucha, mbona akojoa kila mahali, mbona amemuuma mtoto, lini nimfunge mnyororo, nimpe nini awe mkali. Nimeyajibu kwa simu, nimeyajibu gengeni, nimeyajibu kwenye foleni ya agroveti, na kila wiki aja mwengine na papi, yaani mtoto wa mbwa, ndani ya karatoni auliza hayo hayo, basi bora niyaandike yote pamoja.

Kabla hatujaenda mbali shika hili moja. Hapa kwetu mtu huchukua mbwa kwa ajili ya ulinzi, iwe ni kwake Maweni au Muyeye, au iwe ni nyumba ya Casuarina ambayo mwenyewe yuko Ulaya na wewe ndiye umeachiwa uiangalie mpaka msimu urudi. Kwa hivyo papi akifika tu afungwa nyuma ya nyumba peke yake eti awe mkali. Hawi mkali, awa muoga. Na mbwa muoga ndiye anayemuuma mtoto wa jirani mchana, halafu usiku mwizi akimtishia kwa jiwe aingia chini ya gari. Mbwa anayelinda ni yule anayejua nani wa nyumbani na nini cha kawaida, akisikia kisicho cha kawaida abweka. Hilo hujengwa akiwa mdogo, kuanzia wiki ya 8 hadi mwezi wa 4 hivi, na halijengwi kwa fimbo wala kwa pilipili.

Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

Mahali pa kulala kwanza. Kama atalala nje tafuta pembe yenye kivuli mchana kutwa, inua sakafu kidogo kwa mbao au matofali maji ya masika yasimfikie, na paa liwe la makuti. Mabati matupu hapana, joto la kaskazi mwezi wa 2 au wa 3 chini ya bati lamuua papi kweli kweli.

Bakuli 2 zake mwenyewe, ya maji iwe nzito isipinduke. Zisichanganywe na vyombo vya watu hata siku moja, zioshwe kwa sponji yake, pahali pake.

Kola nyepesi na kamba ya mita 2 hivi. Mnyororo usinunue.

Siki, sabuni, magazeti ya zamani na matambara. Maini kidogo ya kuchemsha bila chumvi, yaliyokatwa vipande vidogo sana, hayo ndiyo mshahara wake wakati wa kufundishwa. Daftari au kadi ya kuandika chanjo na dawa za minyoo. Na namba ya daktari wa mifugo iwe ndani ya simu yako kabla hujaihitaji, sio unaanza kuitafuta Jumapili usiku papi ashalala chini.

Na umri. Usikubali papi wa chini ya wiki 8, hata kama mwenye nao akwambia kashaanza kula ugali. Hizo wiki za mwisho na mama yake na ndugu zake ndipo hujifunza kuwa akiuma sana mchezo unakwisha. Aliyetolewa wiki ya 4 au ya 5 utakuja kupata naye tabu ya meno miezi mingi.

Hatua kwa hatua

1. Kubalianeni nyumbani. Papi hajui Kiswahili wala Kigiriama wala Kitaliano, ajua sauti. Sasa mama amwambia "toka", askari amwambia "enda", watoto wamwambia "out", mwenye nyumba akija ana neno lake, halafu watu washangaa mbwa hasikii. Chagueni neno moja kwa jambo moja, liandikeni kwenye karatasi mulibandike mlangoni. Pia kubalianeni aruhusiwe wapi na wapi asikanyage. Kama nyumba ni ya watu wanaoswali, na wengi wetu ni Mashafii ambao mate ya mbwa kwetu ni najisi, basi amueni mapema kuwa yeye ni wa uani, haingii chumba cha kuswalia, hakanyagi misala wala mikeka, na anayemshika ana nguo za kumshikia. Kufuga mbwa wa mifugo, wa shamba au wa kuwinda wanavyuoni wameruhusu tangu zamani, na wengi wakaingiza na wa ulinzi, kwa hivyo hakuna haja ya kumficha wala kumtesa. Mipaka ikiwa wazi papi aishika haraka kuliko watu wanavyodhani, kinachomchanganya ni leo ndiyo kesho hapana.

2. Siku ya kwanza iwe ya utulivu. Mlete asubuhi ili awe na mchana mzima wa kuzoea kabla giza halijaingia. Akishuka kwenye tuktuk usimpeleke ndani, mpeleke kwanza kwenye kona uliyochagua iwe choo chake, mngoje mpaka akojoe, msifu. Halafu maji, chakula kidogo kile kile alichokuwa akila alikotoka, halafu alale. Watoto wa mtaa mzima watataka kumshika, waambie kesho.

3. Usiku. Atalia. Jana alilala amejibana na wenzake 6, leo yuko peke yake na hajui uko wapi. Usimpige kwa kulia, na pia usimuweke mbali kabisa ambapo hasikii mtu. Kwa siku za mwanzo muweke ndani ya karatoni kubwa au kikapu barazani, upande wa dirisha la mtu anayelala hapo, na chini utandike kitambaa ulichokisugua kwa mama yake ukipata nafasi. Akiamka katikati ya usiku mpeleke kwenye kona yake, akojoe, mrudishe, bila mchezo na bila maneno mengi. Kama umeshahakikisha hana njaa, hana haja na hana baridi, muongeleshe kwa sauti ya chini lakini usimtoe kucheza, la sivyo atajua kilio ndicho ufunguo. Wengi hutulia ndani ya wiki.

4. Choo. Hapa ndipo watu wanapochoka, na ni jambo rahisi kuliko yote ila lataka mtu awepo. Papi hukojoa akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Kwa hivyo kila moja ya nyakati hizo mchukue umpeleke kwenye kona ile ile, simama kimya, akimaliza tu mpe kipande cha maini hapo hapo. Hapo hapo nikimaanisha pale pale alipo, ukimpa mkishafika jikoni yeye ajua amelipwa kwa kufika jikoni. Kipimo cha kukisia ni miezi yake jumlisha 1, hayo ndiyo masaa anayoweza kujizuia mchana, yaani wa miezi 2 masaa 3 kwa juu kabisa, na mara nyingi ni chini ya hapo.

Akikosea ndani na hukumuona, safisha unyamaze. Kumsukuma pua kwenye mkojo ni ukatili na hakufundishi kitu ila kwamba wewe ni mtu wa kuogopwa ukikaribia, kwa hivyo siku nyengine atajificha nyuma ya kochi akojoe huko. Ukimkuta katikati ya kitendo piga kofi moja hewani ashtuke, mnyanyue, mpeleke nje amalizie. Safisha kwa sabuni kisha siki iliyochanganywa na maji, manake harufu ikibaki atarudi hapo hapo.

Na kinyesi kiokote kila siku, ukifukie mbali na kisima na mbali na mahali watoto wanapochezea. Hili nalisisitiza kwa sababu mchanga wetu una joto na unyevu, mayai ya safura ya mbwa yaangua hapo, na wadudu wake huingia kwenye nyayo za mtu anayetembea pekupeku. Ule mwasho unaochora mstari uliopinda pinda chini ya ngozi ya mguu baada ya kukaa ufuoni, mara nyingi ni huo.

5. Chakula. Miezi 2 hadi 4 mpe mara 4 kwa siku, miezi 4 hadi 6 mara 3, baada ya hapo mara 2. Saa zisibadilike, akila kwa saa na choo chaja kwa saa, mambo mawili umeyamaliza kwa moja.

Kama una uwezo nunua chakula cha papi cha agroveti, kiwe kimeandikwa ni cha papi. Kama huna, unaweza kumpikia ila ugali mtupu haumkuzi, wamjaza tumbo tu. Changanya ugali au wali na omena waliochemshwa na kusagwa, au mayai ya kuchemsha, au kichwa cha samaki kilichochemshwa ukatoa miba yote kwa mkono, weka na karoti au malenge kidogo. Nyama peke yake pia si dawa, haina kalshiamu ya kutosha, na papi anayekua akila nyama na ugali tu mifupa yake hulainika na miguu kupinda. Omena hao wanaliwa na mifupa yao kwa hivyo wasaidia, lakini muulize daktari kuhusu kiasi cha unga wa mifupa, usijipimie mwenyewe.

Vitu hivi usimpe: mabaki ya pilau na mchuzi wenye vitunguu maji au thomu, vyote viwili huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa. Miba ya samaki. Chokoleti. Zabibu. Maziwa ya ng'ombe mengi humfanya ahare, maji yamtosha. Na ukibadilisha chakula badilisha pole pole kwa wiki nzima, ukichanganya kile cha zamani na kipya.

6. Chanjo na minyoo. Hii si hiari. Chanjo ya pavo na distempa, maradhi mawili ya virusi yanayoua papi, huanza wiki ya 6 hadi ya 8, hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16. Watu wengi huchoma ya kwanza wakaona basi, na papi wa miezi 3 afa kwa pavo huku wana kadi mkononi. Ya kwanza peke yake haitoshi, kinga aliyoipata kwa maziwa ya mama yake yaweza kuizuia isifanye kazi, ndiyo maana zarudiwa. Ya kichaa cha mbwa ni wiki ya 12, kisha kila mwaka. Kenya ilijiwekea lengo la kumaliza kichaa cha mbwa kinachoambukiza watu ifikapo 2030 na haiwezekani bila mbwa wa kila nyumba kuchanjwa, kwa hivyo ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti lini wapita mtaani, hasa karibu na tarehe 28 Septemba ambayo ni siku ya kichaa cha mbwa duniani.

Tahadhari: chanjo hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukiuziwa kichupa kilichokaa kwenye friji ya duka ambalo stima hupotea kutwa, ukakitia mfukoni ukapanda bodaboda nacho kwenye jua la saa 7, waweza kuwa wamchoma maji. Mpeleke kwa daktari au daktari aje na kibaridi chake.

Dawa ya minyoo kila wiki 2 mpaka afike miezi 3, halafu kila mwezi mpaka miezi 6, halafu kila miezi 3. Hupimwa kwa kilo zake kwa hivyo mpime kwanza. Ukimuona tumbo kubwa na mbavu nje, usifurahie kuwa ameshiba.

7. Kupe. Mwambao wetu kupe hawana likizo. Kila jioni mpitishe mkono: ndani ya masikio, chini ya kola, kwapani, katikati ya vidole. Ukimpata mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, vuta polepole moja kwa moja, mtupe kwenye spiriti. Usimchome kwa kiberiti wala kumpaka mafuta ya taa.

Sasa hapa panataka umakini. Dawa ya kuogeshea ng'ombe si ya papi. Najua ni rahisi na ipo kila agroveti, na najua jirani alimuogeshea mbwa wake mkubwa na hakuna lililotokea. Ukikosea kipimo kwa mnyama wa kilo 3 atalegea, atapunguza pumzi na waweza kumpoteza usiku huo huo. Nunua dawa iliyoandikwa umri na uzito wa papi. Na kama nyumba ina paka, kama nyumba nyingi za hapa na za Lamu, soma kibandiko: dawa za kupe za mbwa zenye pemethrini huua paka, hata paka akilala tu ubavuni mwa mbwa aliyepakwa jana.

8. Mzoeshe dunia. Kama kuna hatua moja ambayo ningekuomba usiiruke ni hii. Mpaka wiki ya 14 hivi ubongo wa papi uko wazi kupokea vitu vipya bila woga, baada ya hapo mlango wajifunga polepole na kila kigeni awa na shaka nacho. Kwa hivyo katika wiki hizo aone na asikie kila kitu atakachoishi nacho: adhana, tuktuk, bodaboda na mtu aliyevaa helmeti, punda wa mchanga, mbuzi wa jirani, kuku, mama mwenye buibui, mzee mwenye kanzu na bakora, watoto watokao madrasa wakikimbia, mwavuli ukifunguliwa, makuti yakipiga kelele upepo wa kusi ukivuma, stima ikipotea na jenereta kuwaka.

Utauliza vipi na chanjo hazijakamilika. Mbebe. Mtie kwenye kikapu au mpakate, keti naye barazani au kando ya barabara ya Lamu magari yakipita, muache aangalie tu, mpe maini. Usimuweke chini mahali mbwa koko wanapopita, jalalani na sokoni hasa, manake virusi vya pavo hukaa ardhini miezi mingi na jua pekee halivimalizi. Kila siku kitu kimoja kipya chatosha. Akiogopa rudi nyuma hatua chache mpaka atulie, usimburute akikazana. Mtu anayemlazimisha papi asogelee jenereta "azoee" ndiye anayemtengenezea woga wa maisha.

Na watu: awaone wengi lakini si lazima kila mtu amshike. Jirani asiyetaka kuguswa na mbwa ana haki yake kamili, na mbwa wako kujifunza kupita karibu na mtu bila kumrukia wala kumnusa ni sehemu ya malezi. Ukipita msikitini fupisha kamba, vuka upande wa pili.

9. Meno. Papi ana meno 28 ya utoto, makali kama sindano, na kuanzia mwezi wa 3 au wa 4 hadi wa 7 yatoka yaingia 42 ya ukubwani, kwa hivyo lazima atafune. Akikushika mkono sema "aa" kwa sauti ya kawaida, simama, geuka, mchezo umekwisha kwa nusu dakika. Halafu mpe kitu halali: kamba nene iliyofungwa mafundo, karoti baridi kutoka friji, kitambaa kilichoroweshwa kikagandishwa. Usimpe kifuu cha nazi, chavunjika vipande vyenye ncha. Usimpe ndara kuukuu acheze nayo, hawezi kujua hii ni kuukuu na ile ya mgeni mlangoni ni mpya.

Kumpiga mdomoni kwamfanya aone mkono ni adui. Hapo baadaye mtoto atanyoosha mkono kumpapasa na yeye atauma kwanza.

10. Maneno manne. Jina lake, "njoo", "kaa", "acha". Yatosha kwa miezi hii. Fundisha kabla hajala, dakika 3 hadi 5 tu, mara 2 au 3 kwa siku, akichoka acha.

Jina: liite mara moja, akikuangalia mpe. Usilirudierudie hewani.

Kaa: shika maini mbele ya pua yake, inua mkono polepole kuelekea nyuma ya kichwa, kichwa chapanda makalio yashuka yenyewe, yakigusa tu chini sema "kaa" na umpe. Usimkandamize kiuno.

Njoo: kimbia hatua mbili kurudi nyuma ukimuita kwa furaha, akifika mpe na umuachilie acheze tena. Kamwe usimuite "njoo" ili umpige, umuogeshe au umfungie. Ukimtaka kwa mambo hayo mfuate mwenyewe umchukue.

Acha: kitu kimoja kwenye ngumi, aramba, asukuma kwa pua, wewe kimya. Sekunde atakayorudi nyuma sema "acha" na umpe kitu kizuri zaidi kutoka mkono wa pili. Neno hili kwetu si mapambo. Ukimpeleka ufuoni, Silversands au karibu na jeti wavuvi wanaposafisha nyavu, utakuta bunju, wale samaki wa sumu, wametupwa mchangani. Mbwa akimla bunju aanza kutokwa na mate, ayumba, miguu yalegea, kisha pumzi yakata, na dawa ya kuondoa sumu hiyo hakuna. Mbwa asiyejua "acha" asifunguliwe kamba ufuoni, na hata anayejua mpitishe mbali na mitego.

11. Kutembea. Baada ya chanjo kukamilika. Saa 12 asubuhi au baada ya saa 11 jioni. Kabla hujamkanyagisha lami au mchanga weka kiganja chako chini kwa sekunde 7, ukishindwa wewe na yeye hawezi. Beba maji matamu, manake akinywa ya bahari atatapika na kuhara. Akivuta kamba simama kama mti, asipovuta endelea. Yachosha siku za kwanza, halafu ghafla unajikuta watembea vizuri.

Kuhusu ukali na mnyororo

Nimeona nipatenge hapa. Pilipili haimfanyi mbwa mkali, yamchoma tumbo. Kumfungia gizani, kumchokoza kwa fimbo, kumuachia watoto wamrushie mawe, vyote vyazaa mbwa asiyechagua wa kumuuma, na akimuuma mtu wa halali ni wewe utakayejibu. Kubweka kwaja kwenyewe, wengi kati ya mwezi wa 6 na mwaka. Akibweka mlangoni nenda uangalie, mwambie "sawa", arudi. Hivyo tu ndivyo anavyojua kazi yake ni kukuita.

Kama uwanja hauna ukuta na lazima afungwe kwa muda, tandaza waya mrefu kati ya miti miwili, kamba yake iteleze juu ya waya apate kutembea, na maji na kivuli viwe ndani ya mwendo wake. Usiku muachilie ndani ya uwa. Na kuanzia mwezi wa 6 hivi zungumza na daktari kuhusu kumhasi, dume au jike. Jike huanza kutaka dume mara ya kwanza kati ya miezi 6 na mwaka, mimba ni siku 63 tu, na hujui vitoto 7 utavipeleka wapi.

Mambo yakienda kombo

*Hataki kula na amelala tu.* Angalia ufizi. Ukiwa mweupe au wa manjano, au mkojo wake ni wa rangi ya kahawia, yaweza kuwa homa ya kupe, ni leo sio kesho.

*Atapika na kuhara, choo chanuka vibaya au kina damu.* Chukulia ni pavo mpaka daktari aseme sivyo. Mtenge na mbwa wengine, usimlazimishe kula, mkimbize. Kinachoua ni kuishiwa maji mwilini na papi mdogo huishiwa ndani ya masaa. Mahali alipokuwa paoshwe, kisha pamwagiwe dawa ya kung'arishia nguo, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, paachwe dakika 10.

*Ahema sana, ulimi mwekundu, ayumba baada ya jua.* Kivulini haraka, mmwagie maji ya kawaida tumboni, kwapani na miguuni, mpepee, muweke maji ya kunywa bila kumlazimisha. Barafu usitumie. Halafu daktari.

*Apata maumivu, nimpe vidonge vyetu?* Hapana. Dawa za maumivu za watu huharibu ini, figo na tumbo la mbwa, na kwa papi hata kidogo tu yaweza kumdhuru.

*Alikuwa amejua choo, sasa akojoa ndani tena.* Mara nyingi ni ratiba imevurugika, mgeni amekuja au mtu aliyekuwa akimtoa amesafiri. Rudi hatua ya 4 kwa wiki moja tangu mwanzo. Kama akojoa kidogo kidogo kila mara na ajikaza, ni maradhi.

*Abweka kila kitu hata kuku.* Hakuzoeshwa mapema. Anza hatua ya 8 sasa, ukiwa mbali na hicho kitu, kwa maini, na ujue itachukua muda zaidi.

*Ananguruma nikigusa bakuli.* Acha kumnyang'anya. Pita karibu akila, tupia kipande kizuri ndani, endelea na safari yako. Baada ya siku kadhaa atafurahi kukuona waja. Watoto wasimkaribie akila, hilo ni la kudumu.

*Amemuuma mtu, au mbwa asiyejulikana amemuuma yeye.* Jeraha la mtu lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, tazama saa, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo, hata kama kidonda ni kidogo, hata kama ni papi. Usipake majivu, pilipili wala mafuta ya taa. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, chanjo kabla ya hapo ndiyo inayookoa. Papi aliyeumwa mpeleke kwa daktari wa mifugo na kadi yake, mtenge na watu, na huyo mbwa wa nje mtoe taarifa ofisi ya mifugo wamtafute, msimuue mkamtupa kabla hawajafika.